Aliyesajili Chumba cha Ndani

Columbia Heights,
13 Januari 2025

Kwa Bi. Fatimah,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kwa karatasi na stempu kwa sababu umenifungia simu yako tangu siku ya hitima ya dada yako, nami sina desturi ya kubisha mlango uliofungwa makusudi. Sikuulizi hali. Naingia kwenye neno lenyewe.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilikuwa nakwangua barafu kwenye kioo cha gari langu pale nyuma ya msikiti. Vijana wawili walisimama kando ya gari la jirani, simu wameiweka juu ya boneti, na kutoka kwenye simu ile ikatoka sauti ya mke wangu. Aaliyah, aliye kaburini mwaka wa pili huu, alikuwa anaimba. Wala haikuwa kaswida. Zilikuwa nyimbo za singo, Fatimah, zile ambazo somo humwimbia bibi harusi mlango umefungwa, huku anamsugua mwili kwa liwa na kumfundisha mambo ambayo hata baba mzazi hayasikii. Kijana mmoja aliponiona nimesimama alinisalimu kwa adabu, akaniambia kwa Kiingereza kwamba dada yake anaolewa na huyu bibi ndiye bora kuliko wote. Hakujua anazungumza na nani. Nilimwomba anionyeshe jina la tovuti. Inaitwa chumbachandani.

Wewe unajua kwamba nimefanya kazi ya kuorodhesha vitabu maktaba ya chuo kikuu kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu ya ugenini. Kitabu kisicho na jina la mwandishi hakijawahi kunishinda. Nilirudi nyumbani, nikafungua lile dirisha jeusi la kompyuta linalopokea amri za maandishi tu, nikaandika whois, nikaacha nafasi, nikaandika jina la tovuti. Kama hujui, hiyo ni amri ya kuuliza jina limesajiliwa na nani. Kila jina la tovuti duniani lina kumbukumbu yake ya usajili, na kumbukumbu hiyo huweza kusomwa na yeyote anayejua kuuliza. Ikanijibu mistari mingi. Mwenye jina amefichwa, lakini jimbo limeandikwa Minnesota, na anwani imeandikwa bila haya: jengo moja Plymouth, na mtaa, na namba ya ofisi. Jina lenyewe ni la zamani, la mwaka 2015. Bila shaka mmelinunua kwa mtu mwingine, kama watu wanunuavyo nyumba iliyojengwa na wengine.

Nasema mmelinunua kwa sababu mwanao Mahdi anafanya kazi ya kompyuta, na anaifanya Plymouth. Na mtu pekee aliyekuwa akiingia chumbani na Aaliyah kwenye singo, akimshikia sahani ya liwa, ni wewe.

Sauti ya mke wangu itolewe huko kabla ya Ijumaa ijayo. Isipotolewa, nitachukua wazee wenzangu tutakwenda mlangoni kwa huyo mwanao, kama ilivyo ada, na tutaulizana mbele ya watu.

Hussni

—

Anoka,
16 Januari 2025

Kwa Mzee Hussni,

Wa alaykum salaam, maana salamu ni wajibu kuijibu hata ikitoka kwa nani.

Barua yako nimeipata. Nilikuwa nawavalisha watoto wa watu makoti wakacheze nje, maana wewe umestaafu lakini mimi bado nalea, na nikaisoma nimesimama, glavu ya mtoto mdomoni. Nilidhani labda umeandika kuniambia umeweka jiwe kwenye kaburi la dada yangu. Kumbe umeandika kuniambia umejifunza kompyuta. Hongera.

Nakujibu mara moja na sitarudia. Tovuti hiyo sikuifungua mimi. Mahdi hakuifungua. Mwanangu hajapata kuimbiwa singo wala kuisikia, ni mwanamume, na mama yake amemlea. Huko Plymouth wanafanya kazi watu maelfu. Utawagongea wote?

Unasema mtu pekee aliyekuwa akiingia chumbani ni mimi. Hapo umesema kweli, na ndiyo sababu nakuonya: usitafute kitu ambacho ukikipata hutajua pa kukiweka. Kuna mambo nimeyabeba kwa ahadi, na niliyempa ahadi hayupo kuniondolea. Achana nayo. Wasichana wanaosikiliza nyimbo zile hawakuibii chochote.

Na simu sikukufungia siku ya hitima. Nilikufungia siku ya pili yake, ulipotoa nguo za dada yangu kwenye mifuko meusi ya takataka, ukazipeleka kwenye duka la mitumba bila kuniuliza kama nataka hata leso moja. Kama unapenda tarehe, iandike vizuri.

Mwanangu usimguse.

Fatimah

—

Columbia Heights,
27 Januari 2025

Kwa Bi. Fatimah,

Assalaam alaykum.

Ijumaa imepita na sauti bado ipo. Basi nimefanya nilivyosema.

Jumanne tulikwenda Plymouth, mimi na Abdulghani na Mzee Wanjala, ambaye alikubali kuendesha gari kwa sababu barabara ilikuwa mbaya. Tulivaa vizuri. Abdulghani alichukua na fimbo yake. Niliona ni haki umjue shahidi wangu ni nani, kwani ndiye mtu ambaye Mahdi ameposa bintiye, na ndiye mwenye haki ya kwanza kujua kijana huyo ni wa namna gani. Nilimweleza yote tukiwa njiani.

Jengo tulilikuta. Halikuwa na jina la Mahdi. Lilikuwa na meza, mmea wa plastiki na binti mmoja anayeitwa Stacy. Nilimwambia tumekuja kumwona mtu aliyesajili tovuti kwa anwani hii, na kwamba hatutaki shari, tunataka tukae naye tuzungumze. Akatuletea maji. Akatuuliza kama tuna miadi. Abdulghani akamwambia kwetu mtu haombi miadi kumwendea mtoto wa shemeji. Basi Stacy akatueleza, kwa upole kama anayesema na wagonjwa, kwamba hapo hakai mtu. Ni kampuni ya kufichia majina. Anayetaka kusajili tovuti bila kujulikana huwapa wao jina lake, nao huandika anwani yao badala ya yake. Watu waliojificha nyuma ya mlango ule, alisema, ni wengi kuliko wakaazi wa Plymouth yenyewe. Hakututajia hata mmoja.

Wanjala alicheka mpaka tulipofika kwenye gari. Sikucheka.

Nimerudi nikauliza kwa njia nyingine. Kila tovuti inakaa kwenye mashine, na kila mashine ina namba yake, nayo namba husajiliwa kama majina. Nikaiuliza ile amri juu ya namba. Ikanipeleka kwenye ghala la mashine huko Iowa, mali ya kampuni inayopangisha. Mlango mwingine usio na mtu ndani.

Usidhani nimeshindwa. Mimi nimejifunza jambo moja Plymouth: aliyesajili alijua kwamba kuna mtu atakuja kuuliza, akajificha mapema. Mwenye kufanya jema hana haja ya kufunika jina. Na wewe katika barua yako unasema una ahadi. Ahadi na nani, kama si na mwanao?

Nataka Mahdi asimame mbele yangu na mbele ya Abdulghani, aape kwa msahafu. Mpaka hapo Abdulghani ameniambia posa ya bintiye Raisa itakaa kwanza.

Hussni

—

Anoka,
1 Februari 2025

Hussni,

Salamu utaipata siku nyingine.

Juzi mke wa Abdulghani alinirudishia sinia langu. Aliniletea mwenyewe mpaka mlangoni, sinia limeoshwa, halina kitu ndani. Unajua maana yake. Nilipeleka posa na sinia la halua na kaimati, likarudi tupu. Mahdi alikuwa jikoni. Alivaa koti akatoka kwenye baridi ile bila kofia, na yule msichana wa watu, Raisa, ananipigia simu analia kwa Kiingereza.

Wewe uliyefanya hivi unajiita mtu wa maktaba.

Sasa ahadi yangu naivunja, na dhambi yake tutaigawana. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mimi ndiye niliyemwosha dada yangu. Nilimwosha na nikafunga kinywa. Wewe ndiye uliyenifungua.

Kaa kwenye dirisha lako jeusi. Piga tena ile amri. Usisome anwani, maana anwani ndiyo iliyokuaibisha mbele ya Stacy. Soma mstari wa tarehe. Imeandikwa jina limeundwa lini? Tarehe tatu Machi, mwaka 2015. Uliiona mwenyewe, ukajitungia habari ya nyumba iliyonunuliwa. Hakuna aliyeinunua. Na mwaka huo Mahdi alikuwa na miaka kumi na minne, ana vyuma vya kunyoosha meno, hajui hata kufua soksi zake.

Halafu kumbuka wewe majira ya baridi ya mwaka huo. Ile harusi ya Maple Grove. Dada yangu alimwimbia yule bibi harusi ambaye mama yake alinyimwa viza, na yule mtoto akamrekodi kwa simu, kwa ruhusa yake, ili mama yake kule nyumbani asikie mwanawe anavyosingwa. Wewe ukasikia. Uliendesha gari usiku kwenye theluji mpaka nyumbani kwa watu, bibi harusi ana siku mbili tu ndani ya nyumba yake, ukasimama mlangoni na kofia yako mpaka akaifuta rekodi ile mbele ya macho yako. Dada yangu alikuwa ndani ya gari. Alinisimulia. Alisema, "Fatimah, alirudi kwenye gari akaniuliza kama nasikia baridi."

Mwezi uliofuata alianza kwenda masomo ya jioni kwenye maktaba ya mtaa. Wewe ukasema vizuri, akanyoshe Kiingereza. Hakuwa ananyosha Kiingereza. Alikuwa anajifunza kusajili jina. Alilisajili mwenyewe, na akalipia kuficha anwani, kwa sababu alikuwa anakujua. Aliniambia, "Hussni akitafuta, hutafuta mpaka mwisho. Basi mwisho wake uwe kwa watu wengine."

Huyo ndiye mwizi wako. Nenda ukamwapishe.

Na jambo la mwisho, ambalo ningelipenda nisikwambie, lakini muda umekwisha. Chini ya tarehe ya kuundwa kuna tarehe ya kumalizika. Alilipia miaka kumi kwa mkupuo. Inakwisha Machi tatu hii. Nyimbo zenyewe ninazo, nimezihifadhi. Jina siwezi. Kulirefusha kunataka uingie kwa barua pepe yake, na barua pepe yake iko kwenye ile kompyuta ndogo ya bluu, nayo iko nyumbani kwako. Jina likiachwa huokotwa na madalali wa majina, wakaweka humo kamari na uchafu. Msichana aliyeko Perth au Toronto anayemtafuta dada yangu usiku wa kuamkia harusi yake atafungua mlango huo akute hayo.

Ndiyo maana nilikwambia achana nayo. Nilikuwa natafuta njia ya kukuomba hiyo kompyuta bila kukwambia sababu.

Fatimah

—

Columbia Heights,
8 Februari 2025

Kwa Bi. Fatimah,

Nimepiga amri. Tarehe ni kama ulivyosema.

Kompyuta ya bluu ilikuwa kabatini chini ya mablanketi. Ilichukua muda kupata umeme. Barua pepe yake ilifunguka bila kuuliza neno la siri, kwa kuwa hakuwahi kunificha kwa kufuli. Alinificha kwa kujua kwamba sitafungua. Nimekuta barua za ile kampuni ya majina. Zinamkumbusha kwamba usajili wake unakaribia kwisha. Ya mwisho inamwita kwa jina lake la kwanza, kama rafiki, na kumwambia kwamba wangesikitika kumpoteza.

Kuna kitufe cha kurefusha. Sikukibonyeza.

Usifikiri sina hoja. Niliishi na mwanamke huyu miaka mingi kuliko uliyoishi naye wewe. Tulitoka Mombasa na sanduku moja. Nilipokwenda Maple Grove sikwenda kwa ukatili. Nilikwenda kwa kuwa katika mji huu kila kitu chetu kimekwisha kutolewa nje: lugha yetu watoto wanaijibu kwa lugha nyingine, chakula chetu kinauzwa kwenye maonyesho, ibada zetu zinapigwa picha na watu wa magazeti. Nilitaka kubaki na kitu kimoja kisichoonwa na mtu. Nilitaka kiwe yeye.

Nawe unaniambia kwamba alikitoa mwenyewe, kwa miaka kumi, kwa walimwengu, na mimi nikiwa chumba cha pili nasoma.

Kwa sheria ya nchi hii na ya dini yetu mimi ni mumewe na ni mrithi wake. Tarehe tatu Machi itakuja na itapita. Kompyuta hii sitakupa. Kuhusu Mahdi, nitamwambia Abdulghani kwamba nilikosea, kwa sababu nilikosea. Hilo ni deni la haki, si la hisani. Zaidi ya hapo usitegemee kitu.

Hussni

—

Anoka,
12 Februari 2025

Hussni,

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikitafuta mahali uliposema umesikiliza. Sikupaona.

Unajua anwani ya Plymouth. Unajua ghala la Iowa. Unajua tarehe, na kitufe kilipo. Umeulizia mlango mpaka bawaba zake, na ndani hujaingia. Hujasikiliza hata wimbo mmoja mpaka mwisho wake, na unataka kuuzika.

Unasema ulitaka kitu kimoja kisichoonwa. Dada yangu alikuwa mtu, Hussni. Hakuwa sanduku.

Nitakwambia wanaosikiliza ni akina nani, kwa kuwa nilikuwa nawasoma pamoja naye. Mmoja aliandika kwamba alijisinga mwenyewe bafuni, hotelini, simu ameiweka kwenye sinki, kwa sababu hana shangazi wala somo katika nchi nzima anayokaa. Mwingine aliandika kwa Kiingereza kwamba nusu ya maneno haelewi lakini alilia, na akauliza "huyu bibi anakaa wapi." Dada yangu alimjibu, "Karibu tu, mwanangu." Ile haikuwa nje. Kwake yeye kile kilikuwa chumba. Alikijenga huko kwa sababu humu duniani ulikuwa umesimama mlangoni.

Basi fanya unavyotaka. Wewe ni mrithi. Lakini kabla hujaua, mtazame unayemuua. Ipo rekodi moja inaitwa wimbo wa asiye na mama. Anza na hiyo.

Nami sitakuandikia tena. Watoto wa watu wananisubiri.

Fatimah

—

Columbia Heights,
18 Februari 2025

Kwa Shemeji yangu Fatimah,

Assalaam alaykum wa rahmatullah.

Nilisema nitakwenda kwa Abdulghani, na nimekwenda. Sikumpigia simu. Nilikwenda baada ya magharibi, alipokuwa na wageni wake, nikasema mbele yao kwamba Mahdi hana hatia, kwamba nilisoma kumbukumbu kwa haraka na nikaamini mstari nilioupenda. Sikusema aliyesajili ni nani. Hilo si lao. Wanjala alitaka kuanza tena habari za Stacy, Abdulghani akamnyamazisha. Mkewe ameniambia nikufikishie kwamba sinia lako linahitajika tena, na lisije tupu.

Sasa hili la pili.

Nilianza na wimbo wa asiye na mama, kama ulivyosema. Nilikaa jikoni. Kwanza nilisikia bomba letu la joto likigonga, lile ambalo nimekuwa nikiahidi kulitengeneza, nikajua alirekodi hapa hapa, kwenye kiti nilichokalia. Kisha akaanza:

Kaa kitako mwanangu, nikusinge kwa liwa,
Mamako hakuja leo, ni mimi nimepewa.

Sikujua kwamba anaweza kuimba kwa sauti ya chini namna ile. Mimi nilimjua mwenye sauti ya kuita watu mezani. Nikasikiliza ubeti baada ya ubeti. Anamwambia mtoto asiogope, anamwambia namna ya kulala na namna ya kukataa, na mambo mengine ambayo sikuwa nayajua, na nilipaswa kuyajua. Akafika kwenye ubeti unaoanza:

Na huyo mume ajapo,

na hapo pakasikika ufunguo mlangoni. Ni ufunguo wangu. Naujua kwa kuwa kitasa kile hukwama na mimi hukipiga bega. Aaliyah akasema polepole, "Basi. Mwenyewe karudi." Ikakatika.

Nilidhani ni ajali ya siku moja. Nikafungua wa pili. Nikafungua wote. Kuna wakati nilikuwa narudi kutoka kazini, na baadaye, nilipostaafu, kutoka msikitini. Theluji ikiwapo husikika nikikung'uta viatu. Hakuna hata wimbo mmoja wenye mwisho. Kila mmoja unaishia kwangu.

Nimeorodhesha vitabu vingi katika maisha yangu, na vilivyokosa kurasa za mwisho tulikuwa tukiviwekea alama ili msomaji asimlaumu mwandishi. Sikupata kufikiri kwamba anayezichana kurasa anaweza kuwa mtu anayerudi nyumbani kwake tu.

Kitufe nimekibonyeza. Usinishukuru, na najua huna nia. Piga amri mwenyewe kama huniamini, Mahdi atakuonyesha: whois, nafasi, jina. Jina la mwenyewe bado limefichwa, nimeliacha hivyo, kwa kuwa ndivyo alivyotaka na sina haki ya kumfunua. Lakini tarehe ya kumalizika imesogea mbali, pengine mbali kuliko mimi.

Sikubadili rai yangu yote. Bado naona vijana wale wa pale msikitini hawakupaswa kusikia. Bado nimekasirika, naye hayupo nimkasirikie, kwa hiyo hasira imebaki kwako.

Ila nina neno moja. Beti za mwisho unazijua wewe peke yako. Kompyuta ya bluu iko jikoni, imejaa umeme, na kiti kipo. Siku utakayoitaka, njoo uzikamilishe. Ufunguo nitauacha kwa jirani wa chini. Mimi nitatoka nyumbani asubuhi, nitakaa kwa Abdulghani, na sitarudi mpaka mtu aje aniambie umekwisha kuondoka.

Nimekipaka kitasa mafuta. Hakikwami tena.

Shemeji yako,
Hussni

—

Anoka,
20 Februari 2025

Hussni,

Wa alaykum salaam wa rahmatullah.

Nimepiga amri mwenyewe. Mahdi alitaka kunisaidia nikamwambia akae. Tarehe nimeiona.

Sijakusamehe Maple Grove, sijakusamehe mifuko meusi, na la sinia litanichukua muda. Nitakuja Jumapili. Nitakuja na liwa yangu na sahani yake, maana siwezi kuimba mikono mitupu. Usiache chai wala chakula, siji kutembea. Na lile bomba usilitengeneze. Liache ligonge, wasichana wamelizoea.

Najua unachotaka kuniuliza na umeona haya kuandika: huyo mume ajapo, afanywe nini. Sikwambii. Hilo huambiwa bibi harusi mlango ukiwa umefungwa. Ukitaka kulijua, jina la tovuti unalo. Fungua usikie kama walimwengu wengine.

Jumapili usirudi mapema.

Fatimah